Anayebaki Chini Naye Yuko Matembezini

Wadogo zangu wa Meru na Embu, pamoja nanyi wa Chuka na Chogoria mlio katikati yetu, likizo inakaribia, na barua za likizo zimeanza kuja. Moja imenikaa moyoni, nami naomba tuijibu pamoja.

Imeandikwa na mama wa upande wa Runyenjes. Watoto wake watatu waliliona gurudumu kubwa la Two Rivers kwenye simu ya binamu yao wa Nairobi, na tangu siku hiyo nyumba haina utulivu. Baba anasema hizo ni pesa za kutupa. Mama mkwe, ambaye naye ameshaalikwa, ametamka wazi kwamba yeye hapandi kitu kinachoning'inia. Kitinda mimba, aliye gredi ya kwanza, mchana anaimba kwamba atapanda, na usiku anauliza kama kile kitu huwa kinaanguka. Mama wa watu anataka kujua afanye nini ili wote wapande na wafurahi kama familia.

Mdogo wangu, wewe panga wote waende. Habari ya wote kupanda iondoe kabisa kwenye mipango yako. Atakayepanda apande, atakayebaki chini abaki na asihesabiwe kuwa ameharibu siku. Ukilishika hilo tangu sasa, mengine yote utayapanga vizuri.

Kwanza tulijue lenyewe, maana hofu nyingi hutokana na kutojua. Jumba la maduka la Two Rivers lilifunguliwa mwaka 2017 kando ya barabara ya Limuru, karibu na Ruaka, na gurudumu lake wakaliita Eye of Kenya, jina linalokumbusha London Eye la Uingereza. Halikimbii. Watoto wengi, na hata watu wazima, hulichanganya na zile bembea za kurusha watu miguu juu, ndiyo sababu kitinda mimba wako halali. Kila kabini imetundikwa kwenye mhimili ulio juu ya vichwa vya abiria. Gurudumu linapozunguka, uzito wa sakafu na wa watu waliokaa huivuta kabini ibaki wima, juu ikibaki juu na chini ikibaki chini. Mweleze mtoto hivyo kwa ndoo: aishike mpini, ainyanyue polepole, aone vile inavyobaki wima hata mkono ukipanda mpaka begani. Ataelewa kuliko wewe kumwambia tu kwamba hakuna shida.

Lakini kuna jambo moja ambalo wazazi husahau kuwaambia watoto, na ndilo huleta kilio. Gurudumu husimama. Husimama ili walio chini washuke na wengine waingie, na wakati huo kabini yako inaweza kuwa juu kabisa, ikiyumba kidogo kwa upepo. Mtoto asiyejua hudhani limeharibika. Kusimama huko kumekuwapo tangu mwanzo wa magurudumu haya. Lile la kwanza kabisa la aina hii alilijenga mhandisi George Washington Gale Ferris kwa maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893, Wamarekani wakitaka kitu cha kushindana na mnara wa Eiffel wa Paris. Lilikuwa na urefu wa mita 80 hivi na mabehewa 36, kila moja likibeba watu 60. Tiketi ilikuwa ya mizunguko miwili: wa kwanza ulisimama mara sita ili watu wapande na washuke, wa pili ukaenda bila kusimama. Basi mwambie mtoto wako mapema, mkiwa bado nyumbani: "Tutafika juu, litasimama, tutahesabu pamoja mpaka liende tena." Mpe hiyo kazi ya kuhesabu. Mtoto mwenye kazi haogopi sana.

Sasa tuje kwa cucu wa watoto, maana hapo ndipo familia nyingi hukosea.

Mama mkwe wako amesema hapana akiwa nyumbani kwake, ametulia, akili yake ikiwa yote. Hiyo hapana ni kamili. Kinachoniumiza ni vile tunavyowafanyia wazee wetu tukishafika. Tunamsogeza mpaka dirisha la tiketi, foleni iko nyuma, wajukuu wanamvuta leso, mtoto wake wa kiume anacheka, na hapo ndipo tunamwuliza tena. Atasema ndiyo. Atasema ndiyo kwa sababu ya aibu mbele ya watu asiowajua, na atazunguka huko juu macho yamefumbwa, mkono umekaza kwenye ile nguzo ya chuma mpaka vidole vimebadilika rangi. Nimewahi kukaa kabini moja na mama wa namna hiyo. Hakulia wala hakusema kitu. Kijana wa mlangoni alipofungua komeo alishuka, akauliza choo kiko wapi, na hakuongea na mtoto wake yeyote mpaka chakula kikaletwa. Je, hayo ndiyo matembezi uliyomwalika?

Usimwulize mara ya pili. Mwambie mara moja, mkiwa wawili, kwamba umesikia, kwamba hakuna atakayemsumbua, na kwamba akibadilisha nia mwenyewe mlango uko wazi. Halafu upange atakavyokaa. Apate kiti chenye kivuli, chai moto, na mtu wa kuongea naye. Tena mtu mwenye hamu ya kukaa naye, asiwe yule aliyelazimishwa na anayetazama saa. Gaweni zamu: baba na watoto wakubwa wapande kwanza, wewe na mdogo mkae na cucu, kisha mbadilishane. Na nawasihi, msimgeuze mlinzi wa mikoba. Mzee ametoka Runyenjes amevaa gauni lake la kanisani, kisha anaachwa benchini na jaketi tano, viatu vya mtoto na chupa za maji, huku wote wanampungia mkono kutoka juu. Mikoba ibebwe na wenyewe, au ifungiwe garini.

Kuna suala la afya pia. Kama ana presha au sukari, jambo hilo liulizwe siku ya kliniki kabla ya safari, daktari aseme kama kupanda kunamfaa, hata kama mwenyewe anatamani. Tena muwe macho na dawa. Wazee wengi wanaomeza vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo huviacha siku ya safari kwa kuogopa kuwasumbua wenzao garini. Hawasemi, wanaviacha tu mezani. Mwambie cucu mapema kwamba gari litasimama kila atakapotaka, na dereva naye aambiwe mbele yake. Hapo atameza dawa zake kwa amani.

Kuhusu baba watoto nitaongea taratibu, kwa kuwa naye atasoma. Huenda kweli ni pesa. Watu sita, kila mmoja na tiketi yake, mafuta au nauli ya kwenda na kurudi, na chakula cha mjini: hizo si shilingi chache kwa nyumba inayongoja karo ya Januari. Lakini kuna wanaume wengi wa kwetu ambao neno "naogopa" hawakufundishwa kulitamka, kwa hiyo hulipitisha kwenye bei. Huwezi kujua ni lipi mpaka umwulize, na usimwulize mbele ya watoto. Mkiwa peke yenu mwambie, "Kama hutaki kupanda, utakaa na mama, mimi nitapanda na watoto." Akinyamaza kidogo kisha akasema sawa, usichimbe zaidi. Umeshampa njia ya kutoka na heshima yake. Akisema shida ni pesa, basi kaeni na kalamu.

Na mkikaa na kalamu, hesabuni watu wote. Kama dada wa kazi anaenda nanyi, tiketi yake iwemo. Nimeona familia zikimbeba msichana wa watu toka Mbeere mpaka Nairobi ili ashike mtoto, kisha anaachwa nje ya uzio akitazama juu. Kama hamna pesa za tiketi yake, hamna pesa za hayo matembezi bado, subirini.

Mkisubiri, mnaweza kupata wakati mzuri zaidi. Nyumba nyingi za Embu na Meru zinazopeleka majani Mungania, Rukuriri, Githongo au Imenti hupata bonasi ya chai mwezi wa Oktoba. Kiasi kidogo kikiwekwa kando hapo, Desemba watoto wakiwa likizoni kipo. Agosti watu huipenda kwa kuwa ni likizo, lakini ule ni wakati wa baridi na mawingu mazito. Ruaka na Limuru asubuhi ya Agosti wingu huwa limeketi chini, nawe utakuwa umelipa kuona weupe mtupu. Desemba ikikauka vizuri mtaona mbali. Walio kabinini waangalie mbali: macho yakikaa kwenye upeo, kizunguzungu hupungua, yakitazama chini kati ya miguu, huzidi.

Huko juu kuna la kuwaonyesha watoto. Pale kuna maghorofa ya Ruaka yaliyobanana, upande mwingine Runda na miti yake, na ule msitu mkubwa ni Karura. Waambieni kwamba Wangari Maathai alipigwa na kuumizwa pale mwaka 1999 alipoenda kupanda miti kupinga unyakuzi wa msitu huo, na kwamba miaka kumi kabla ya hapo alikuwa ameiokoa Uhuru Park isijengwe jengo la ghorofa 60. Wazazi walioletwa Nairobi wakiwa watoto wanaikumbuka Luna Park ya Uhuru Park na bembea zake. Bila yule mama, bustani ile ingekuwa hadithi nyingine. Mtoto akiona msitu kwa juu, wote kwa mara moja, ataelewa kwa nini mtu aliupigania.

Njia nayo tuiseme. Kutoka Embu mjini ni kama kilomita 130 hadi Nairobi: Mwea na mashamba yake ya mpunga, Makutano, Kenol, kisha barabara kuu ya Thika. Hamna haja ya kuingia katikati ya mji. Shikeni barabara ya Northern Bypass kutoka barabara ya Thika, itawatoa Ruaka. Mkitoka alfajiri mtarudi jua likiwepo. Wa Meru, nyinyi mna zaidi ya kilomita 220, na kati yenu na Embu kuna kona za Chuka na ule mteremko wa daraja la Nithi. Tunazijua ajali za Nithi. Julai 2022 basi lililotoka Meru lilitumbukia pale, na zaidi ya watu 30 wakafa. Kwa hiyo nasema bila kupepesa: msirudi usiku. Laleni Nairobi kwa ndugu, na ndugu huyo aambiwe wiki mbili mbele, wala si simu ya kutoka Thika kwamba mko njiani watu saba. Mchukulieni kitu cha nyumbani: ndizi, maparachichi, viazi vya Kibirichia. Anayeishi kwenye nyumba ya kupanga Githurai anajua bei ya kila kitu mnachobeba.

Mkikodi matatu, kila mtoto apewe kiti chake na mkanda wake. Kona zile hutapisha watoto, kwa hiyo kifungua kinywa kiwe chepesi, na karatasi za kutapikia ziwe karibu. Chakula kizito, chapati zenu na mukimo wenu, kiliwe baada ya kupanda, kamwe si kabla. Ulizeni mapema kama vyakula vya nje vinaruhusiwa ndani. Kama haviruhusiwi, kuleni kwenye maegesho bila haya yoyote.

Mkifika, kabla ya foleni, wote waende choo. Mwandikie mdogo namba yako ya simu kwenye karatasi na uitie mfukoni, kisha mchague mahali pa kukutana kama mtu atapotea, mahali ambapo hata cucu amepaona kwa macho yake. Leso na vitambaa vya kichwa vifungwe vizuri kabla ya kuingia kabinini. Mwenye mashine akiwapangia nani akae wapi, msibishane naye, anasawazisha uzito. Mtazameni anapofunga komeo. Kama hamkuona limefungwa, mwambieni arudie. Ni haki yenu, na mhudumu mzuri hatakasirika.

Na mtoto je, akigeuka dakika ya mwisho? Watu wameshalipa, zamu imefika, anakaza miguu na kulia. Muondoe kwenye foleni. Usimwambie yeye ni mwoga, usimwahidi soda, usimfananishe na dada yake. Hao ndugu zake wakianza kumcheka, wakanye hapo hapo, kwa sauti ambayo yule mdogo ataisikia. Tiketi moja ikipotea imepotea. Mtoto anayebebwa juu akipiga mayowe hujifunza kwamba hapana yake haisikilizwi na watu anaowaamini, na hilo ni somo ambalo hutaki alibebe mpaka ukubwani. Anayeruhusiwa kushuka mara nyingi hurudi mwenyewe, pengine siku hiyo hiyo akishamwona baba yake ameshuka salama, pengine mwaka ujao.

Simu nazo zina adabu yake. Picha za furaha pigeni. Picha ya mtu aliyefumba macho kwa hofu, au ya mama mkwe ameshika moyo, isiende kwenye kundi la WhatsApp la familia, wala TikTok. Ukitaka kutuma picha yake, mwonyeshe kwanza yeye.

Nimalizie kwa wale mlionikumbusha kwamba gurudumu hili lina ndugu zake ng'ambo. Kuna dada zetu wengi wa Meru na Embu wanaofanya kazi ya uuguzi na utunzaji wa wazee Uingereza, na mama akienda kuwatembelea, picha ya kwanza inayotakiwa ni ya London Eye. Lile lina mita 135, yaani linaipita KICC yetu, yenye mita 105, kwa mita 30. Lilifunguliwa kwa watu mwaka 2000. Lina kabini 32 za vioo vilivyofungwa pande zote, zenye namba moja hadi 33 kwa kuwa 13 imerukwa. Huzunguka polepole, mzunguko mmoja ukichukua kama dakika 30, kiasi kwamba kwa kawaida halisimami, watu huingia likienda. Hapo ndipo pa kuangalia kwa mama mwenye magoti mabovu: mwambie mhudumu mapema, wanaweza kulisimamisha aingie bila haraka. Na dakika 30 ni nyingi kwa mtu anayeogopa, maana kabini ikishaondoka hakuna kushuka njiani. Mama akisema anataka kubaki ukingoni mwa Thames akitazama mashua, kaa naye umnunulie chai. Amesafiri kuja kukuona wewe.

Kama yuko mzee anayetamani kuona mbali lakini hataki kuning'inia, mpelekeni KICC. Jengo hilo lilikamilika mwaka 1973, wageni hulipa na kupanda mpaka juu ya paa, na sakafu chini ya miguu haiyumbi. Anaweza kuuzunguka mji wote kwa macho akiwa amesimama imara, na akichoka anashuka.

Mama wa Runyenjes, nenda kwa mama mkwe wiki hii, kabla watoto hawajaanza tena, mkubaliane atakaa na nani. Kisha asubuhi ya safari, kabla hamjawasha gari, pigeni simu Two Rivers muulize bei ya siku hiyo na kama gurudumu linazunguka, kwa sababu mvua na upepo mkali husimamisha michezo ya namna hii.